Kung'arisha Vyungu Vibichi kwa Kijiwe, Ngeu na Sandarusi, Pasipo Glezi ya Maji

Mfinyanzi asiye na tanuri la umeme wala la gesi, anayechoma vyungu vyake juu ya ardhi kwa kuni, nyasi na samadi, hukutana mapema na swali moja: atawezaje kuvipa uso laini, unaong'aa na usiovuja ovyo, ilhali ile glezi ya maji inayouzwa kwenye ndoo imetengenezwa kwa ajili ya moto asioweza kuufikia? Mwongozo huu unajibu swali hilo. Unaeleza namna ya kuufanya udongo wenyewe ung'ae kabla haujaingia motoni, namna ya kuulinda mng'ao huo wakati wa kuchoma, na namna ya kuziba vitundu vya chungu kingali na joto la moto.

Kwa nini glezi ya maji haifai hapa

Glezi ni kioo ambacho bado hakijayeyuka. Ni unga wa silika, yaani madini ya mchanga, uliochanganywa na madini yanayousaidia kuyeyuka, pamoja na udongo kidogo wa kuushikilia, kisha ukakorogwa katika maji ili upakwe au chungu kichovywe ndani yake. Glezi nyingi huhitaji joto la nyuzi 1000 za Selsiasi au zaidi, na zile za vyombo vigumu vya mezani hupita nyuzi 1200. Moto wa wazi, hata ukipangwa kwa ustadi, kwa kawaida hutoa nyuzi kati ya 600 na 900. Katika joto hilo udongo hugeuka kuwa kigae, lakini glezi hubaki unga uliogandamana, unaobanduka kwa kucha.

Tatizo la pili ni maji yenyewe. Chungu kikavu ambacho hakijachomwa ni vumbi lililoshikamana tu. Ukikipaka maji mengi hunywa, huvimba upande mmoja kabla ya mwingine, na ukingo wake mwembamba hupasuka au hulegea na kubomoka mkononi. Wapo wafinyanzi wanaopaka glezi juu ya udongo mbichi na kuchoma mara moja tu, lakini hao huitengeneza glezi yao ili isinyae sawasawa na udongo wanaoutumia, na wana matanuri ya kuiyeyusha. Kwa mwenye moto wa wazi, njia hiyo haimfikishi popote.

Ni kweli pia kwamba kioo kinaweza kupatikana juu ya udongo mbichi bila kupaka tone la maji. Katika bonde la mto Rhine nchini Ujerumani, tangu mwishoni mwa Zama za Kati, wafinyanzi walitupa chumvi ya kawaida ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1200 na zaidi; mvuke wa chumvi ile uliungana na silika ya udongo na kuacha utando mgumu wa kioo wenye vidoadoa kama ganda la chungwa. Huko Bizen nchini Japani majivu ya kuni hupeperushwa na moto kwa siku nyingi na kuyeyuka mabegani mwa vyombo ambavyo havikupakwa kitu chochote. Njia zote mbili zinahitaji tanuri la kudumu na kuni nyingi mno, na ile ya chumvi hutoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu na kula mabati ya jirani. Simshauri mtu yeyote aijaribu uani kwake.

Ipo na njia ya tatu ambayo naitaja kwa ajili ya kuikataza. Madini ya risasi yaliyosagwa, yakinyunyizwa makavu juu ya chungu, huyeyuka kwa joto dogo na kutoa uso mzuri wa kupendeza, na kwa karne nyingi nchi nyingi zimeyatumia. Risasi hiyo hutoka taratibu na kuingia katika chakula, hasa chakula chenye uchachu wa ndimu, siki au ukwaju, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima; nchini Meksiko vyungu vya namna hiyo vimeleta sumu ya risasi katika familia nyingi. Mtu akikuambia kwamba risasi ya betri kuukuu za magari inafaa kung'arishia vyungu, usimsikilize.

Wakati ndio ufundi

Njia inayobaki, na ambayo wanawake wafinyanzi wa Afrika Mashariki wameitegemea siku zote, ni kuusugua udongo mpaka ung'ae. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ambavyo huletwa kwa mitumbwi hadi Matema na kuuzwa sokoni, vina uso laini ambao mgeni hudhani umepakwa vanishi. Hakuna vanishi pale. Chembe za udongo ni bapa, nyembamba kupita kiasi, na kwa kawaida zimelala ovyo ovyo juu ya chungu. Kijiwe laini kikipita juu yake kwa mkandamizo huzilaza zote upande mmoja, mithili ya magamba ya samaki, na mwanga ukizipiga hurudi kwa pamoja. Mng'ao wote unatokana na mpangilio huo. Kwa sababu hiyo hautegemei unachopaka. Unategemea saa unayoanza kusugua.

Udongo uliolowa mno hukokotwa na kijiwe na kuacha mifereji. Udongo uliokauka kabisa haulazwi tena; hukwaruzika na kutoa vumbi la kijivu. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambacho chungu kimekaza kama ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoanza kukauka: ukikibonyeza kwa ukucha kinaacha alama, lakini udongo haung'ang'anii ukuchani, ukikinyanyua kwa mikono miwili hakibadiliki umbo. Hapo ndipo pa kuanzia. Kipindi hicho hakina saa maalumu. Mjini Tanga wakati wa masika chungu chenye kuta za unene wa kidole kinaweza kungoja siku mbili au tatu, wakati Dodoma katika kiangazi, upepo ukivuma, kinaweza kukupita kati ya asubuhi na adhuhuri. Kifunike kwa nguo yenye unyevu au mfuko wa nailoni unapokwenda shambani, na uanze kujaribu chini ya kitako, mahali ambapo kosa halitaonekana.

Udongo wa chungu cha kupikia huchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa ili ustahimili moto, na punje hizo hukwama chini ya kijiwe na kuchora mistari. Usiache kuzitia kwa ajili ya uzuri, kwa maana chungu kisicho nazo hupasuka kikiwashiwa moto wa wazi. Badala yake, chungu kikiwa bado na unyevu mwingi kuliko wakati wa kusugua, kipitishie mgongo wa kijiko au kipande cha kibuyu kwa nguvu ya wastani, ukizizamisha punje ndani na kuleta udongo laini juu.

Kuhusu kifaa cha kusugulia, kijiwe kigumu cha mtoni kilicholainishwa na maji kwa miaka mingi hakina mfano, na wafinyanzi wengi huwarithisha binti zao vijiwe vyao. Ukikosa, tumia kauri, komwe, au mgongo wa kijiko cha chuma. Pitisha kwanza kwenye shavu lako: ukihisi mkwaruzo wowote, chungu nacho kitauhisi.

Keti chini, kalisha chungu juu ya kata ya majani au kanga iliyokunjwa mapajani, na usugue eneo lisilozidi kiganja kwa mara moja, kwa mistari mifupi inayopandana, yote ikielekea upande mmoja. Ukimaliza chungu chote utaona kimeng'aa, na baada ya nusu saa utaona kimefifia. Wengi hukata tamaa hapo. Kilichotokea ni kwamba maji yaliyo ndani ya kuta yametoka, udongo umesinyaa, na zile chembe zimesogezwa kutoka mahali ulipozilaza. Kizungushe tena, safari hii kwa mistari inayokata ile ya kwanza, na baada ya saa chache kwa mara ya tatu. Chungu cha ujazo wa lita mbili kinaweza kukuchukua saa tatu za kazi halisi, zikiwa zimegawanywa katika siku nzima, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Mara ya mwisho ndiyo inayohusika na mafuta. Chungu kikiwa kimebadilika rangi na kuwa cheupe kuliko mwanzo, lakini ukikigusisha shavuni bado kina ubaridi, kipake mafuta ya karanga au ya nazi kwa ncha ya kidole, utando mwembamba usiotiririka, ukiache kwa dakika kumi yanyonywe, kisha sugua tena. Mafuta yanakilainishia kijiwe njia yake kama maji yangefanya, lakini hayauvimbishi udongo. Ndiyo maana kazi hii inaweza kufanyika juu ya chungu ambacho maji yangekipasua. Malizia kwa kipande cha mfuko laini wa nailoni kilichovutwa juu ya dole gumba. Kuanzia hapo usikiguse kwa vidole vitupu, kwani alama za jasho huonekana waziwazi baada ya moto. Kishike kwa nguo safi.

Ngeu na mafuta

Ukitaka wekundu ulioiva kuliko rangi ya udongo wenyewe, tumia ngeu. Ni ile ile ambayo morani wa Kimaasai hujipaka mwilini ikiwa imechanganywa na mafuta, na wekundu wake ni wa kutu ya chuma, ambao haufi motoni. Isage, ichekeche kwa kitambaa chepesi, na uichanganye na udongo mkavu wa chungu kile kile uliochekechwa vivyo hivyo, sehemu mbili za ngeu kwa moja ya udongo. Usiuruke udongo huo. Ngeu tupu haishiki vizuri katika moto wa chini, na mwenye chungu atajikuta na viganja vyekundu kila akinyanyuapo chakula.

Kwa vijiko vitatu vya unga huo anza na kijiko kimoja cha mafuta, ukiongeza tone kwa tone mpaka upate rojo nzito kama siagi ya karanga. Ipake kwa kiganja baada ya msuguo wa pili, si kabla, na uisugue ndani ya uso wa chungu kwa mkandamizo mkubwa kuliko uliotumia mwanzo. Lengo ni kuisindilia ngeu katikati ya chembe za udongo, isikae juu yake kama koti. Mafuta yataungua yote motoni na kuiacha ngeu mahali pake. Lakini ukiyazidisha, yatawaka ghafla, yatatoa moshi chini ya rangi, na rangi itabanduka kwa magamba. Mimi huona heri kupaka mara mbili kwa wembamba kuliko mara moja kwa unene.

Kwa rangi ya fedha nyeusi, mahali pa ngeu hushikwa na grafaiti. Wafinyanzi wa Buganda waliitumia kwa vyombo vyao vyeusi vinavyometameta, na kwetu madini hayo yapo kwa wingi Mahenge, mkoani Morogoro. Hupakwa kwa namna ile ile ya mafuta na kusuguliwa. Tahadhari yake ni kwamba grafaiti ni kaboni, nayo kaboni huungua ikikaa katika moto mkali wenye hewa nyingi. Kwa hiyo vyungu vyake vichomwe kwa moto mfupi uliofunikwa vizuri.

Ipo njia nyingine ya kupata uso laini kupindukia, nayo ni kupaka uji wa udongo uliochujwa. Si glezi, kwa kuwa hauyeyuki kuwa kioo, ingawa una maji, na hivyo hupakwa chungu kingali na unyevu wa ngozi mbichi ili visinyae pamoja. Koroga kilo 5 za udongo mkavu katika lita 10 za maji pamoja na gramu 25 za magadi safi yaliyokwisha kuyeyushwa, uache utulie usiku na mchana mzima bila kuutikisa, kisha uteke taratibu sehemu ya juu na kuacha tope lililotuama. Magadi huzifanya chembe zisukumane zisishikane, hivyo zile kubwa huzama na laini kabisa hubaki zikielea. Lita moja ya uji huo ukiwa tayari ina uzito wa takribani gramu 1150. Ukiwa mzito zaidi utapasuka, na ukiwa mwepesi zaidi hautafunika.

Kuchoma bila kuupoteza mng'ao

Kausha chungu kivulini kwa muda usiopungua wiki moja, mbali na upepo wa mlangoni. Chungu kilichosuguliwa kina hatari ambayo chungu cha kawaida hakina: uso wake umezibwa, na maji yaliyosalia ndani hayana pa kutokea. Maji yakigeuka mvuke hujitanua zaidi ya mara elfu moja, na chungu hulipuka kwa mshindo na kuvunja jirani zake. Kwa sababu hiyo, ndani ya chungu usisugue kabisa, ili mvuke upate mlango. Kabla ya moto wenyewe, vipange vyungu kuzunguka moto mdogo, ukivigeuza kila baada ya robo saa kwa muda wa saa mbili au tatu, mpaka viwe vya moto kiasi cha kutoshikika. Mwenye jiko la kuokea anaweza kuviweka humo kwa nyuzi 80 au 90 kwa muda huo huo.

Chagua jioni isiyo na upepo. Tandika vigae vikuukuu chini, kisha kuni kavu nyembamba, vyungu juu yake vikiwa vimeinamishwa midomo chini bila kubanana, na uvifunike kwa vigae vipana kabla ya kuweka kuni za juu, samadi kavu na nyasi. Vigae hivyo vinazuia kuni zisiguse uso uliong'arishwa, kwani kila zinapogusa huacha baka jeusi. Wako wanaoyapenda mabaka hayo, nami sina ugomvi nao, lakini yawe kwa kukusudia. Usichanganye mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa wala plastiki, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Uanze moto upande ambao upepo mdogo unaelekea, ili urudi nyuma polepole. Kati ya nyuzi 450 na 600 udongo hupoteza maji yaliyofungwa katika asili yake, na karibu na nyuzi 573 punje za mchanga hutanuka kwa ghafla. Hapo ndipo moto wa haraka unapopasua. Kiza kikiingia utaviona vyungu vyenyewe vikiwaka kwa wekundu. Wekundu wa giza, kama damu iliyoganda, ni chini ya nyuzi 700. Wekundu ulio wazi ni kati ya 750 na 800, nao unatosha. Usitamani kuongeza. Joto likikaribia nyuzi 1000 chembe zile zilizolala huanza kuyeyukiana na kusinyaa, na mng'ao wa siku nzima ya kazi hufifia ukabaki uso butu.

Ukitaka chungu chekundu, acha kuni ziishe na hewa ipite. Ukitaka cheusi, subiri wekundu ufike, kisha kwa haraka funika rundo lote kwa samadi iliyopondwa, pumba za mpunga au unga wa mbao, na juu yake majivu au udongo, usiache hata mwanya wa kidole. Moshi usio na hewa hupenyeza kaboni ndani ya vitundu, na chuma kilichomo katika udongo hubadilika kutoka wekundu kwenda weusi. Kusifunuliwe mpaka kesho yake, kwa maana hewa ikiingia rundo likiwa bado la moto, kaboni ile huungua na utapata chungu cha kijivu chenye madoa.

Mfinyanzi aliyeifikisha mbali kazi hii ya rangi mbili kutoka udongo mmoja ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi zake Uingereza. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria (mji unaoitwa Suleja leo), kujifunza kwa wanawake wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali, na baadaye New Mexico, Marekani, alikoona kazi ya Maria Martinez wa San Ildefonso. Vyombo vyake havina glezi hata kidogo. Husuguliwa kwa mkono, huchomwa kwanza kwa hewa vikawa vyekundu vya machungwa, na vile anavyovitaka viwe vyeusi hurudishwa motoni mahali pasipo hewa. Nashauri kila anayeanza ajaribu utaratibu huo kwa bakuli mbili ndogo za udongo ule ule, moja iachwe nyekundu na nyingine ifukizwe, kabla hajahatarisha chungu kikubwa.

Kuziba vitundu chungu kingali na moto

Mng'ao haumaanishi kwamba chungu hakivuji. Kigae cha nyuzi 800 kina vitundu vingi visivyoonekana, na maji hupita humo. Kuviziba kuna njia zake, na unachagua kwa kutazama chungu kitafanya kazi gani.

Ya kwanza ni maji ya maganda yenye tanini, kama maganda ya mkoko pwani au ya miwati inayopandwa Njombe. Chemsha kilo moja ya maganda katika lita 5 za maji kwa saa mbili mpaka yawe ya kahawia nzito. Chungu kikitoka motoni, wekundu ukiwa umekwisha lakini tone la maji likichacharika juu yake, kirushie maji hayo kwa fagio la majani, nje na ndani. Yataungua papo hapo na kuacha utando wa kahawia. Usikizamishe chungu chote mara moja, hasa kama udongo wako una mchanga kidogo, kwa kuwa mshtuko wa baridi utakipasua.

Ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na glezi kwa sura, nami naipenda kuliko zote. Ni kukipaka sandarusi, yaani utomvu mgumu wa mti. Pwani yetu ilijulikana duniani kwa sandarusi: katika karne ya 19, ile iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara inayokabili Unguja, ilisafirishwa kutoka Unguja hadi Salem huko Massachusetts, ikatengenezewa vanishi. Ile ya ardhini, iliyozikwa kwa muda mrefu, ni ngumu na huyeyuka kwa shida. Inayofaa kwa chungu ni ile changa iitwayo chakazi, inayodondoka kwenye msandarusi ulio hai. Wafinyanzi wa Amazonia hupaka vyungu vyao sandarusi ya mti ulio ndugu wa huu wetu, nao hufanya hivyo chungu kingali cha moto. Chomeka bonge lake kwenye ncha ya kijiti na ulipitishe juu ya chungu. Likitoa moshi mwingi au kushika moto, chungu kina joto kupita kiasi, subiri. Likigandamana kwa vibonge bila kutanda, kimepoa, kirudishe kwenye makaa. Joto likiwa sawa litatiririka kama asali na kuacha uso wa kahawia unaometa kama kioo. Fanya kazi hiyo nje, uso wako ukiwa upande wa kutokea upepo, na usikusanye chakazi kwa kuukatakata mti. Misitu ya pwani imebaki michache, na iliyokwisha kudondoka inatosha.

Chombo chenye sandarusi hakiwekwi motoni tena, wala hakipikiwi. Kinafaa kwa maua, nafaka na pambo la sebuleni. Chungu cha kupikia kina dawa nyingine ambayo kila mama mkongwe anaijua: kijaze uji mwepesi wa mahindi au mchele mpaka shingoni, kipashe kwa moto mdogo kwa saa nzima, kiache kipoe usiku kucha na uji wake, kisha umwage. Wanga huvimba ndani ya vitundu na kuviziba. Rudia siku ya pili. Maziwa hufanya kazi hiyo hiyo. Nta ya nyuki, iliyopakwa juu ya chungu chenye joto la kuiyeyusha, nyuzi 65 hivi, ni rahisi kuliko zote lakini ni ya vyombo vya baridi pekee.

Mtungi wa maji ya kunywa usiuzibe kwa chochote. Ubaridi wake unatokana na yale maji machache yanayopenya kuta na kukaukia nje, yakichukua joto pamoja nayo; mtungi uliopakwa sandarusi utakuwa mzuri kuutazama na maji yake yatakuwa vuguvugu. Hata kuusugua, usugue shingo na mabega tu kwa ajili ya pambo, na tumbo uliache wazi lipumue.

Kabla ya kumkabidhi mtu chungu chochote, kigonge kwa kifundo cha kidole. Mlio mkavu unaovuma ni wa chungu kizima. Mlio uliofifia, kama wa ubao, ni wa chungu chenye ufa. Kisha kijaze maji na ukiweke juu ya gazeti kwa saa 24. Gazeti likilowa mahali pamoja ndani ya saa ya kwanza, ufa uko hapo na haupoziki. Likipata unyevu taratibu chini ya kitako chote, vitundu havijazibika, nacho, kama si mtungi wa maji, kirudishwe kwenye joto na kupakwa mara ya pili. Kile chenye ufa kipondwe, kichekechwe, na unga wake utiwe katika udongo wa vyungu vijavyo.